Dakika Nane Bila Hadithi

Jina la Mama Tulia alipewa na watoto, likamganda kiasi kwamba hata walinzi wa getini hawakumjua kwa jingine. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mwalimu wa chekechea. Shule ilipofungwa akaajiriwa katika jengo la utafiti lililo nyuma ya hospitali kubwa, kwa kazi ambayo mume wake ilimchukua wiki nzima kuielewa: kufundisha watoto kulala bila kutikisika.

Nayo si kazi ya mchezo. Ndani ya jengo hilo mna mashine ya MRI, sumaku kubwa yenye tundu katikati kama pipa lililolazwa, ambayo hupiga picha za ubongo bila kumgusa mtu kwa kisu wala sindano. Watafiti walitaka picha za watoto njiti waliofikisha miaka sita au saba, waone ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake unavyoendelea kukua. Haya, mchukue mtoto wa miaka sita, mwingize kichwa kwenye kizimba cha plastiki, msukume ndani ya tundu, apigiwe makelele kama mafundi wanabomoa ukuta wa jirani, kisha mwambie kichwa kisisogee hata nusu milimita. Akisogea, picha inatoka ukungu mtupu. Dawa ya usingizi hairuhusiwi, maana mtoto haumwi, amekuja kusaidia tu.

Mume wake, ambaye ni seremala, alimtengenezea mashine ya mazoezi kwa plaiwudi, ikiwa na tundu, kitanda cha kuteleza na kioo kidogo juu ya uso. Makelele Mama Tulia aliyarekodi kwa simu kutoka kwenye mashine yenyewe, akawa anayajaribu nyumbani jioni, mpaka mume akamuuliza kama na yeye yumo kwenye utafiti. Mtoto alifanya mazoezi kwenye plaiwudi siku mbili, na siku ya tatu akaingia kwenye mashine ya kweli. Wengi waliingia wakitabasamu.

Picha za umbo la ubongo hazikuwa na tabu sana, kwa sababu mtoto alionyeshwa katuni wakati zinapigwa. Tabu ilikuwa picha ya mwisho, waliyoiita picha ya pumziko. Katuni ilizimwa, mtoto akabaki macho kwa dakika nane, akitazama alama ya kujumlisha kwenye kioo. Mwongozo wa utafiti, ukurasa wa arobaini na moja, ulisema hivi: mtoto aelekezwe kutazama alama na asifikirie jambo lolote mahususi. Mama Tulia alipousoma ukurasa huo mara ya kwanza alicheka peke yake. Aliyeandika haya, alijisemea, hajawahi kukaa na mtoto hata kwenye foleni ya dawa.

Basi akafanya ambalo mwalimu yeyote wa chekechea angelifanya. Aliwapa hadithi. Kabla mtoto hajaingia, alimwambia kuna nyumba yenye milango minane, na huko ndani atembee polepole, afungue mlango mmoja mmoja, atazame kila chumba kina nani, lakini asigeuze kichwa kwa sababu wenye nyumba hawapendi kushtuliwa. Makelele yakikoma, atoke aje amsimulie. Watoto walilala kama magogo. Walipotoka walikuwa hawajavaa hata viatu tayari wanasimulia: chumba hiki kuna tembo anaoga, chumba kile kuna babu anapika sabuni. Msichana mmoja aliyekuwa hana meno ya mbele, ambaye Mama Tulia alimwita Kibogoyo na mwenyewe akalipenda jina hilo, alisimulia mpaka mama yake akamvuta mkono.

Kwa miaka miwili walipita watoto tisini na watano, na picha za pumziko zilizoharibika zilikuwa nne. Nne tu. Kwenye mji mwingine, ambako utafiti huohuo ulifanywa kwa mashine ya aina ileile, walikuwa wakipoteza picha ya mtoto mmoja katika kila watatu. Mama Tulia aliijua hesabu hiyo kwa moyo, na hakuona aibu kuitaja.

Balaa lilianza pale bwana wa takwimu alipoweka picha za miji miwili pamoja. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye sweta la kijivu, ambaye husalimia kompyuta kwanza ndipo asalimie watu. Aligundua kwamba picha za pumziko za kituo chao hazifanani na za wenzao. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na maneno, na zile za kuona vitu kichwani, zilikuwa zinachangamka pamoja, mtoto baada ya mtoto, kana kwamba wote walikuwa wakitazama sinema moja. Alisema mashine ina hitilafu. Akaitwa fundi kutoka mbali, akafungua mbavu za mashine, akazifunga. Mpiga picha, kijeba mpole aliyeiendesha mashine hiyo tangu ilipofungwa pale, alilazimika kila asubuhi kupiga picha tufe la plastiki lililojaa maji, kuhakikisha sumaku haijapotoka. Tufe lilikuwa sawa. Sumaku ilikuwa sawa. Miezi mitatu ilikwenda hivyohivyo, watu wanakuna vichwa na kutupiana lawama, na mpiga picha akaanza kuonekana kama yeye ndiye aliyekula kitu ndani ya mashine.

Kikaitishwa kikao. Profesa, mama wa makamo aliyeongoza utafiti wote, alitaka kianze kwa jambo jema ili watu wasiumane. Akasema kituo chao kimetia fora kwa utulivu wa watoto. "Mama, hebu tuelezee na sisi unafanyaje," alimwambia Mama Tulia.

Mama Tulia akasimama. Alijifunga vizuri kilemba, akaeleza kuhusu plaiwudi, kuhusu makelele ya kwenye simu, kisha kwa fahari kabisa akaeleza nyumba ya milango minane. Alieleza hata tembo anayeoga. Alikuwa anangoja watu wacheke.

Hakucheka mtu. Bwana wa takwimu aliinua macho kwenye kompyuta yake, na hiyo peke yake ilitosha kumwambia kuna jambo.

"Wote?" aliuliza. "Wote uliwapa nyumba?"

"Wote. Tangu wa kwanza."

Mpiga picha alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, kisha akaona aibu ya kushusha pumzi. Profesa alivua miwani akaisugua kwa ncha ya kitenge. Wala hakugomba, na Mama Tulia alisema baadaye kwamba afadhali angegomba.

Alimwita ofisini baada ya kikao, akamwambia mambo yalivyo. Picha za umbo ziko salama. Picha za pumziko, zote tisini na moja, haziwezi kutumika, kwa sababu watoto hawakuwa wamepumzika, walikuwa kazini. Watoto waitwe tena. Wasipopatikana angalau sitini kabla hawajatimiza miaka minane, sehemu hiyo ya utafiti itaandikwa kwa watoto wa mji mwingine tu, na wa hapa hawatahesabiwa. Tena safari hii Mama Tulia asome sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja kama ilivyo, asiongeze neno, na mtoto akitoka asimwulize kitu.

Hilo la kutohesabiwa ndilo lililomchoma. Ni yeye aliyekaa na mama zao kwenye benchi, mmoja mmoja, kabla hawajatia saini fomu ya ridhaa. Ni yeye aliyewaambia kwamba picha hizi zitawasaidia madaktari kujua njiti wa kesho wafuatiliwe vipi. Sasa arudi kwao aseme nini? Kwamba mtoto wako alifanya vizuri mno, kwa hiyo hakufaa?

Nyumbani alimwaga yote kwa mume wake. Alisema miezi mitatu watu wazima wenye shahada zao wamefungua mashine na kuifunga, na hakuna aliyefikiri kumwuliza anayekaa na watoto. Alisema ukurasa wenyewe umeandikwa kwa kiswahili cha mahakamani. Mume alisikiliza huku akipiga msasa mguu wa stuli.

"Lakini uliusoma," alisema mwishowe.

"Niliusoma."

"Na hukuwaambia kwamba hutaufuata."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Upande wako, mke wangu. Ila mteja akinipa kipimo cha mlango, nami nikaona dirisha ndilo litapendeza, si namuuliza kwanza?"

Mama Tulia alinuna mpaka wakati wa chakula. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba stuli ambayo mume alikuwa akipiga msasa ilikuwa ya chumba chake cha mazoezi, kwa hiyo hata kununa hakununa kwa raha.

Akaanza kupiga simu. Baba mmoja aliuliza kama mtoto ameonekana na ugonjwa wanamficha. Mama mwingine alisema, "Dada, mlisema mara moja. Mimi kibaruani nimeomba ruhusa siku tatu, siombi tena." Nyanya wa mtoto mmoja alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, kisha akasema amekosea namba. Waliohama walikuwa saba. Wasiopokea, hakuwahesabu tena. Kila alipokata simu alijiona ndiye mwenye kosa, na pia ndiye anayestahili kuombwa radhi, na wa kumwomba hakuna.

Watatu wa kwanza waliorudi walimwaibisha. Aliwasomea ile sentensi ya mwongozo, wakamtazama kama aliyewasomea tangazo la mnada. Wa kwanza alipiga chafya mara mbili, akaanza kutafuta mpiga picha yuko wapi. Wa pili alijikuna. Wa tatu aliuliza kwa sauti, humo ndani, "Sasa nifanyeje?" Akauliza tena na tena mpaka mashine ikazimwa. Mwongozo uliruhusu majaribio matatu kwa kila mtoto, na wote watatu wakayamaliza. Mpiga picha akafuta tu ubao mdogo aliokuwa ameuandaa kuhesabia picha zilizofaa.

Siku hiyo, watoto walipoondoka, Mama Tulia alivua hereni na pete akaviweka kwenye bakuli.

"Niingize mimi," alimwambia mpiga picha.

"Wewe tena?"

"Miaka miwili nawaingiza watu kwenye kitu ambacho mimi sijakiingia. Wanasema mtu alale asifikirie kitu. Nataka nione kama inawezekana."

Mpiga picha alimjazia fomu ya usalama kama mgeni yeyote, akamuuliza kama ana chuma mwilini, akampa vizibo vya masikio na kipira cha kubonyeza akizidiwa. Alilala. Kizimba kikashuka usoni. Mbele yake ile alama ya kujumlisha, nyeupe, imesimama tu haina la kusema. Makelele yakaanza, naye akaazimia kutofikiria lolote. Hapohapo akawaza gesi ya jikoni inakaribia kuisha. Akaifukuza. Akawaza yule nyanya aliyesema amekosea namba, akakasirika upya. Akawaza mguu wa stuli. Akawaza shule yake iliyofungwa, mahali kabati la vitabu lilipokuwa, na mkono wa mama yake mzazi ukimsuka nywele, jambo ambalo hakuwa amelikumbuka miaka mingi, wala hakujua limetokea wapi. Kisha akawaza kwamba pua inamwasha.

Alipotoka, mpiga picha alikuwa anajizuia kucheka. Alimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta mstari unaopima mtikisiko. Ulikuwa umepanda na kushuka kama ngazi.

"Mama Tulia mwenyewe," alisema. "Ungekuwa mtoto ningekurudisha nyumbani."

Hakucheka. Alitoka akaenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa, kilemba mkononi.

"Profesa, hiki mnachotaka hakipo. Nimejaribu mimi mtu mzima. Akili haikai bure hata dakika moja. Mnawadai watoto kitu ambacho hamna hata nyinyi."

"Najua," alisema Profesa.

"Unajua?"

"Hakuna anayeweza kutofikiri, mama. Sisi hatupimi utupu. Tunataka kuona akili ya mtoto inakwenda wapi isipotumwa na mtu. Kila mmoja na njia zake. Wewe uliwatuma."

Mama Tulia alikaa kitini bila kukaribishwa. Hasira ilimpanda upya, tena hii ilikuwa na haki.

"Na hayo kwa nini hayakuandikwa ukurasa wa arobaini na moja? Maneno hayo uliyoyasema sasa hivi. Mngeniandikia hivyo, ningeelewa siku ya kwanza. Mimi si mjinga. Mmeandika kama mnamwandikia hakimu, halafu miaka miwili mnanipigia makofi."

Profesa alikubali. Alisema ataandika upya ukurasa huo, lakini kamati ya maadili ya utafiti lazima iupitishe, na kamati hukutana baada ya miezi minne. Kwa sasa sentensi ni ileile. Kusikia neno kamati, Mama Tulia akainuka akaondoka, maana alijua akikaa atasema jambo la kumponza.

Kibogoyo na mama yake walikuja wiki iliyofuata. Meno yalikuwa yameota, mawili, makubwa kuliko uso, lakini jina lilibaki.

"Shikamoo Mama Tulia."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo nyumba gani?"

"Leo hakuna nyumba. Leo utalala, utazame alama."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Alimsomea sentensi. Mtoto aliisikiliza, akatazama karatasi, akamtazama yeye, kama anayemwonea huruma. Mama yake alikuwa ameshika simu na kuangalia saa. Aliruhusiwa kazini mpaka saa sita, alisema, na hii ni mara ya mwisho, hata kama watamtuma waziri.

Jaribio la kwanza mtoto alisogea dakika ya pili. La pili alifika dakika ya tano, akageuka kutafuta upande mashine inakolia. Mstari ukaruka. Lilibaki moja. Kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, mpiga picha aliweka kidole karibu na kitufe cha kipaza sauti.

"Mwambie milango tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

Mama Tulia aliutazama mdomo wa kipaza sauti. Neno moja lingetosha. Mtoto angelala kama gogo, mama yake angewahi kazini, na ubao ungeandikwa moja. Alilitaka neno hilo mpaka likamwasha ulimini.

"Atajua bwana wa takwimu," alisema. "Picha yenyewe itamwambia."

Akavuta kiti nyuma, akaweka mikono katikati ya magoti, akanyamaza. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyomshinda kama hiyo ya kukaa. Mtu mwenye miaka yote hiyo ya kushika watoto mkono, leo anamwacha mtoto peke yake ndani ya makelele bila kumpa hata kitu cha kushikilia. Dakika ya kwanza mguu wa mtoto ulicheza. Kichwa hakikucheza. Ya tatu mstari ulitetemeka kidogo, ukatulia. Ya tano. Ya sita. Mpiga picha alikuwa ameacha kupumua, na Mama Tulia naye alitamani kupiga chafya akaimeza. Makelele yakakoma.

Walimtoa. Kizimba kilikuwa kimemwachia alama kwenye paji la uso. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, miguu inaning'inia, hakusema kitu. Mama Tulia akachukua viatu vyake, akaanza kumvisha taratibu, kimoja, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Alikuwa anangoja. Profesa alimkataza kuuliza, naye alijua, na bado aliuliza.

"Ulikuwa unawaza nini huko ndani?"

Mtoto alipitisha ulimi juu ya meno mapya. Alifikiri kweli, kwa heshima, kama mtu anayepima kama ana kitu cha kumpa mgeni.

"Sikuambii."

"Kwa nini?"

"Ni vitu vyangu," alisema, akateremka kitandani na kumwuliza mama yake kama wanaweza kwenda.

Nyuma ya kioo mpiga picha alinyoosha dole gumba juu, akaandika moja ubaoni. Mama na mwanawe wakatoka. Mama Tulia alibaki amechuchumaa pale chini, na alichokiona moyoni mwake kilimtia aibu, kwa sababu kilikuwa wivu, wivu wa mtu mzima kwa mtoto wa miaka saba mwenye vitu vyake mwenyewe. Watoto tisini na mmoja walitoka kwenye tundu lile wakikimbia kumletea nyumba aliyowapa mwenyewe, naye muda wote huo alidhani wanampa yao. Huyu wa leo hakumletea kitu, na ndiye aliyehesabiwa.